Firefox haijafa, ni sisi tuliolala

Juzi nimechekwa chumba cha habari. Nilikuwa namalizia habari ya ukurasa wa tatu, muda unakimbia, mhariri anaita kila baada ya dakika mbili. Jamaa yangu wa dawati la michezo akapita nyuma ya kiti changu, akachungulia kioo cha kompyuta, akaona yule mbweha wa rangi ya chungwa amejiviringisha kwenye kona.

"Kaka, wewe bado uko na Firefox? Hiyo si walishaizika?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ukikasirika chumba cha habari umekwisha, watakutania mpaka ustaafu.

Ningeyaacha yapite. Tatizo ni kwamba wiki hiyohiyo lilikuwa limenikuta jambo. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilitaka waandishi wajisajili kwa njia ya mtandao ili waruhusiwe kuingia kwenye mkutano wake. Mwisho wa kujisajili ni saa kumi jioni. Nikafungua fomu saa tisa na nusu kwa Firefox yangu. Nikajaza jina, gazeti, namba ya kitambulisho, picha, kila kitu. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, nikakuta maandishi madogo ya Kiingereza yakisema kwamba fomu hii inafanya kazi kwa Chrome tu.

Nikaenda kwa jamaa yuleyule wa michezo, nikamwomba kiti, nikajaza upya kwa Chrome yake. Nikatuma zikiwa zimebaki dakika sita. Alinitazama kama mzee anavyomtazama mtoto aliyekatazwa kupanda mwembe, akapanda, akaanguka.

Sasa nauliza, nani mwenye kosa hapo? Yeye anasema kosa ni la Firefox. Mimi nasema kosa ni la yule aliyetengeneza ile fomu, na bosi wake aliyeipokea na kulipa bila kuuliza. Raia ana haki ya kuingia kwenye ofisi ya umma bila kuulizwa amevaa viatu vya kampuni gani. Kwa nini kwenye mtandao tukubali kuulizwa?

Ndiyo maana leo nimeamua kuiweka Firefox kwenye mizani. Sitaipamba. Mashabiki wa programu huria wana ugonjwa mmoja: ukitaja kasoro ya wapenzi wao wanakuona msaliti. Na wale wa upande wa pili wana ugonjwa wao: kwao kitu kisichotumiwa na wengi ni kitu kibovu. Wote wawili leo nitawaudhi.

TULIKOTOKA

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo hatutaelewana.

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Internet Explorer 6. Wakati huo ilikuwa imeshamshinda mpinzani wake, Netscape. Baada ya ushindi, ikalala. Toleo la 7 lilikuja Oktoba 2006. Miaka mitano mizima, kivinjari kilichokuwa kikitumiwa na karibu dunia nzima hakikupata toleo jipya. Kulikuwa na haja gani? Mteja angeenda wapi?

Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Lakini kaka yangu alikuwa akisimamia kafe ya intaneti pale Kariakoo, na mpaka leo akianza kusimulia hamalizi. Anasema ulikuwa ukifungua tovuti moja, yanafunguka madirisha sita ya matangazo usiyoyaomba. Mteja amelipia nusu saa, dakika kumi zinaishia kwenye kufunga madirisha. Kompyuta zikijaa virusi, kaka analala hukohuko akizisafisha moja moja.

Netscape kabla ya kufa ilikuwa imefanya jambo la busara. Machi 1998 ilifungua msimbo wa programu yake, mtu yeyote duniani auone, aurekebishe, ausambaze. Kutoka kwenye msimbo ule ulizaliwa mradi wa Mozilla, na kutoka Mozilla ikazaliwa Firefox. Mwaka 2002 iliitwa Phoenix, ikabadilishwa kuwa Firebird, na mwaka 2004 ndipo ikapata jina ililonalo leo. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 9, 2004. Lilizuia yale madirisha ya matangazo, na lilikuruhusu kufungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Kaka yangu anasema siku aliyoiweka kwenye kompyuta zote za kafe ndiyo siku aliyoanza kulala nyumbani.

Watu waliipenda kwa namna ambayo leo ni vigumu kuielewa. Desemba 2004 watumiaji walichanga fedha zao wakanunua tangazo la kurasa mbili kwenye gazeti la New York Times. Juni 17, 2008, siku lilipotoka toleo la 3, lilipakuliwa zaidi ya mara milioni 8 kwa saa 24, likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Hebu fikiria, mtu anachanga fedha kutangaza programu ambayo si yake, na wala halipwi!

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2008, Google ikatoa Chrome. Mengine mnayajua. Mwishoni mwa mwaka 2009 takwimu za StatCounter ziliipa Firefox karibu theluthi moja ya watumiaji wote duniani. Siku hizi, ukijumlisha simu na kompyuta, inapata kati ya asilimia 2 na 3. Kutoka theluthi moja mpaka hapo. Jamaa yangu wa michezo angesema imeshuka daraja.

MABAYA YAKE

Haya, tuyaseme.

Kwanza, Firefox imekuwa na tabia ya kuchelewa. Chrome ilikuja mwaka 2008 ikiwa imeipa kila ukurasa chumba chake, ukurasa mmoja ukianguka mingine inaendelea. Firefox ilianza kuwafikishia watumiaji wake mpango wa namna hiyo mwaka 2016. Kutenga kila tovuti na nyingine kwa usalama, ili tovuti mbaya isichungulie ya jirani, Chrome ilifanya kwa kompyuta mwaka 2018, Firefox mwaka 2021. Hii si kasoro ya rangi ya kitufe, ni usalama. Na kuna vituko vingine. Uwezo wa kupanga vichupo kwa makundi Firefox ilikuwa nao mwaka 2011, ikauondoa mwaka 2016, ikaurudisha mwaka 2025 baada ya watumiaji kulalamika weee mpaka sauti zikawakauka. Duka gani linaondoa bidhaa wateja wanayoipenda, halafu linairudisha miaka tisa baadaye?

Pili, simu. Wengi wetu hatukuanzia intaneti kwenye kompyuta, tulianzia mkononi. Simu ya Android ukiinunua unaikuta Chrome imekaa ndani tayari, na anayenunua simu hana muda wa kutafuta nyingine. Kabla ya hapo, enzi za vitochi na simu za vitufe, mfalme alikuwa Opera Mini, kwa sababu ilibana kurasa kabla hazijafika kwako na bando likadumu. Firefox haikuwa na jibu. Kwenye iPhone ndiyo kabisa: kwa miaka mingi Apple imelazimisha kila kivinjari kitumie injini yake ya WebKit, na ni huko Ulaya ilikoanza kulegeza mwaka 2024 kwa shinikizo la sheria. Kwa hiyo ukiweka Firefox kwenye iPhone hapa kwetu, unavaa jezi ya Firefox juu ya mwili wa Safari.

Mozilla ilijaribu kuingia kwenye simu kwa mfumo wake yenyewe, Firefox OS. Simu za kwanza ziliuzwa mwaka 2013, na Desemba 2015 ikatangaza kuachana na mpango huo. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wengine waliuokota wakautengenezea KaiOS. Ile Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019 ilitumia KaiOS hiyohiyo. Watanzania walishika mjukuu wa Firefox mkononi bila kujua. Hapo utaona uzuri na ubaya wa uhuria kwa pamoja: kitu hakifi, lakini aliyekizaa si lazima ale matunda yake.

Tatu, uongozi. Mozilla inajitangaza kama mtetezi wa mtumiaji, halafu inafanya mambo ambayo mtetezi hafanyi. Desemba 2017 iliwawekea watumiaji kijiprogramu cha kutangaza tamthilia ya televisheni bila kuwaomba ruhusa. Mei 2019 cheti kimoja cha kidijitali kiliisha muda bila mtu kukihuisha, na viendelezi vya watu dunia nzima vikazimika kwa mpigo. Agosti 2020 iliachisha kazi watu wapatao 250, wakiwemo waliokuwa wakijenga injini mpya ya Servo. Mwaka 2022, watumiaji wakizidi kupungua, mwenyekiti wake alilipwa karibu dola milioni 7. Na Februari 2025 ilileta masharti mapya ya matumizi, na wakati huohuo ikafuta ile ahadi yake ya zamani kwamba haitauza kamwe taarifa za watumiaji. Ikaeleza kuwa neno "kuuza" lina maana pana mno katika sheria za baadhi ya maeneo. Labda ni kweli. Lakini ukiishi kwa kuaminiwa, huwezi kufuta ahadi halafu ukashangaa watu wakikuuliza maswali.

Nne, na hili ndilo kubwa, fedha. Firefox inalishwa na Google. Ukifungua Firefox ukaandika neno la kutafuta, linaenda Google, na kwa kupewa nafasi hiyo Google inailipa Mozilla. Mei 2025 mkurugenzi wa fedha wa Mozilla alisimama mahakamani Marekani, akasema karibu asilimia 85 ya mapato ya Firefox yanatokana na mkataba huo. Ilikuwa kesi ambayo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta alikuwa ameamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ya Marekani ilitaka malipo ya namna hiyo yapigwe marufuku. Mozilla, mtetezi wa wanyonge, ikajikuta inaiomba mahakama isiiguse fedha ya mbabe. Septemba 2025 jaji akaruhusu malipo yaendelee ila yasiwe ya kumfungia mtu mlango, na Google hakulazimishwa kuuza Chrome. Firefox ikapumua.

Hilo mimi naliona aibu. Anayekula kwa jirani kila siku hana ubavu wa kumkoromea. Mashabiki wenzangu, tuache kujidanganya.

MAZURI YAKE

Baada ya kusema yote hayo, kwa nini bado naitumia?

Naanza na la mfukoni, maana uzalendo bila bando hauendi mbali. Mwandishi wa habari anafungua kurasa nyingi kwa siku, na kurasa za siku hizi zina matangazo kuliko habari (za kwetu zikiwemo, nakiri, na mshahara wangu unatoka humo). Kuna kiendelezi kinaitwa uBlock Origin, nacho ni programu huria, kinachozuia matangazo na vile vifuatiliaji vinavyokuandama kutoka tovuti moja hadi nyingine. Google ilibadilisha kanuni zake za viendelezi kupitia mpango unaoitwa Manifest V3, na katika mwaka 2025 uBlock Origin ikazimwa kwenye Chrome. Imebaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, mwenye uwezo pungufu. Kwenye Firefox ile kamili bado inafanya kazi, na kwenye simu ya Android pia inaingia.

Google inasema ilifanya hivyo kwa ajili ya usalama na kasi. Sikatai kwamba viendelezi vibovu vipo. Lakini jiulize: kampuni inayoishi kwa kuuza matangazo ndiyo inayoamua kizuizi cha matangazo kiwe na nguvu kiasi gani. Ni sawa na kumpa mwenye baa kazi ya kupanga saa za kufunga baa.

La pili ni faragha. Tangu Juni 2022 Firefox huwapa watumiaji wa kompyuta, bila wao kugusa chochote, ulinzi unaofungia vidakuzi vya kila tovuti kwenye mtungi wake. Tovuti ya viatu haijui ulikuwa tovuti ya dawa. Halafu kuna kiendelezi cha Mozilla wenyewe cha kugawa kazi kwa makasha: kasha la gazeti, kasha la benki, kasha la mambo yangu. Kwa mtu wa kazi yangu hili si pambo. Mtu akinipa habari nyeti, akanitumia nyaraka, sitaki tangazo la kesho yake linikumbushe nilichokuwa nasoma jana usiku. Na wale waandishi wanaohitaji kujificha zaidi, wanaofuatilia mambo yanayoweza kuwaletea watu hatari, hutumia Tor Browser. Hiyo nayo imejengwa juu ya Firefox. Siku Firefox ikifa, hao wote wataanza kutafuta msingi mwingine wa nyumba.

La tatu ndilo linalonifanya niandike. Chini ya kila kivinjari kuna injini, ile sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kukuchorea unachokiona. Zamani zilikuwa kadhaa. Opera ilikuwa na yake, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft ilikuwa na yake, ikaiacha, na kuanzia Januari 2020 Edge mpya inatumia injini ya Google. Brave, vilevile. Zilizobaki kubwa ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. WebKit imeshikiliwa na Apple kwa vifaa vyake zaidi. Kwa hiyo mtu wa Windows au Android anayetaka kitu kisicho cha Google ndani kabisa, kwa kweli amebakiwa na mlango mmoja.

Atainuka mjuzi mmoja aniambie: "Lakini ndugu mwandishi, Chrome nayo imejengwa juu ya Chromium, na Chromium ni programu huria." Kweli kabisa. Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Msimbo kuwa wazi ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni nani anaamua. Chromium unaweza kuinakili leo jioni ukaita jina la bibi yako, lakini Google akibadilisha kanuni ya viendelezi, wewe na bibi yako mtabaki na kazi ya kukarabati peke yenu, toleo baada ya toleo. Ni kama kuishi kwenye nyumba ambayo ramani yake umepewa bure, lakini fundi ni mmoja na analipwa na mtu mwingine.

Na injini ikiwa moja, yanarudi yaleyale ya mwaka 2001. Mtengeneza tovuti anaacha kufuata kanuni za pamoja za wavuti, anafuata tabia za programu moja. Anajaribu kazi yake kwa Chrome, inafanya kazi, anaandika ankara, anaondoka. Ile fomu iliyonitoa jasho haikuhitaji kitu chochote cha ajabu: jina, namba, picha, kitufe. Mambo ambayo kivinjari chochote kimekuwa kikiyafanya tangu kaka yangu yuko Kariakoo. Ilishindwa kwa sababu hakuna aliyejali kuijaribu kwingine. Mwaka 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer rasmi, na kuna taasisi duniani zilipata shida maana mifumo yake ilikuwa imefungwa kwenye programu hiyo moja. Sisi badala ya kujifunza tunarudia, tena kwa fedha za umma.

NA SISI JE?

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Nilitaka kumjibu yule jamaa kwa kumwonyesha Firefox ya Kiswahili. Nikaingia kwenye orodha ya lugha zake. Ni ndefu. Kuna Kiafrikana, kuna Kixhosa, kuna Kifula. Kuna Kiacholi, lugha ya ndugu zetu wa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Kiswahili hakikuwamo.

Tunajisifu kila Julai 7, siku ambayo UNESCO imeipa lugha yetu, kwamba Kiswahili ni lugha ya mamilioni kwa mamilioni, lugha ya Umoja wa Afrika. Waacholi ni wachache mno mbele yetu. Hawakungoja kongamano. Walikaa wakafasiri.

Chrome unaweza kuiweka kwa Kiswahili leo hii. Hapo Google anapata maksi zake, na nampa bila kinyongo. Kampuni tajiri ikiona soko, inaleta lugha. Firefox haifanyi hivyo. Lugha zake hufasiriwa na watu wa kujitolea, sentensi moja baada ya nyingine, jioni baada ya kazi. Ukikuta lugha haipo, aliyekosa ni mwenye lugha. Huu nao ni udhaifu wa programu huria, kwamba kazi isiyo na mshahara haina wa kuilazimisha. Lakini kwetu ni kioo pia.

Na hatuwezi kusema hatujui njia. Mwaka 2004, mwaka uleule ilipotoka Firefox 1.0, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na mradi wa Kilinux ulioshirikisha wataalamu wa Sweden, ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakabishana kuhusu maneno, wakaandika faharasa, wakafanya kazi. Walitutangulia kwa miaka zaidi ya 20. Tumefanya nini na tulichorithi? Mwaka 2021 Mozilla yenyewe ilitangaza dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili kwenye mradi wake wa Common Voice, ambako mtu yeyote anasoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze lugha. Nchi ndogo kama Rwanda imejaza humo Kinyarwanda mpaka kikawa miongoni mwa lugha zenye saa nyingi kabisa. Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa, na karamu imeandaliwa kwa hela za watu. Sisi tumekaa nje tunabishana Chrome na Firefox ipi ina kasi.

Kasi! Ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kwa kurasa za kawaida, kwa macho ya kawaida, tofauti ni ndogo tangu Firefox ilipofumuliwa na kujengwa upya Novemba 2017. Kuna vipimo Chrome inashinda, na kuna kurasa zilizojengwa kwa kuifikiria Chrome tu ambazo zitakuwa nzito kwingine. Sawa. Lakini gari likiwa na kasi, hutauliza dereva ni nani na anakupeleka wapi?

KWA HIYO

Sikwambii ufute Chrome. Mimi mwenyewe, kama mlivyosoma, imeniokoa juzi. Weka zote mbili. Fanya ya kila siku iwe Firefox, weka uBlock Origin, halafu baada ya wiki angalia bando lako. Ikikushinda, rudi ulikokuwa, hakuna atakayekutoa roho.

Wewe unayetengeneza tovuti kwa kulipwa, na wengi mnaosoma hapa ndio hao, jaribu kazi yako kwenye injini zaidi ya moja kabla hujaandika ankara. Ni nusu saa. Wewe uliye ofisini unayepokea kazi hiyo kwa niaba ya umma, andika kwenye zabuni kwamba huduma ifanye kazi kwa kivinjari chochote kinachofuata kanuni za wavuti. Sentensi moja tu. Na wewe uliyesoma isimu, fasihi au ualimu ukawa unalalamika kwamba Kiswahili hakithaminiwi kwenye teknolojia, nenda kafasiri sentensi kumi. Mimi nimejiandikisha wiki hii. Nimeshafanya chache, na tayari nimekwama kwenye maneno mawili, kwa hiyo msaada unahitajika.

Na wenye Firefox yao nao wasikie. Tafuteni fedha nyingine kabla jirani hajafunga sufuria. Acheni kuwawekea watu vitu bila kuwaomba. Uaminifu ndiyo mali pekee mliyobakiwa nayo ambayo Google hawezi kuinunua, na mmekuwa mkiitumia kama mtu asiyejua bei yake.

Kuhusu ile fomu, niliiandikia ile ofisi barua pepe ya heshima. Nikaeleza tatizo, nikataja na toleo la kivinjari changu. Wamejibu baada ya siku tatu, mstari mmoja: "Tafadhali tumia Chrome."

Nimewaandikia tena.